Nikiomba simhisi Mungu tena: je, ameniacha?

*"Shikamoo mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni dada wa miaka 34, nakaa Malindi na nafanya kazi hotelini Watamu, zamu ya usiku. Niliokoka nikiwa kidato cha tatu. Kwa miaka mingi nikiingia kwenye maombi nilikuwa nahisi uwepo wa Mungu waziwazi: machozi yananitoka, mwili unasisimka, nikiinuka nimejaa. Sasa ni mwaka mmoja na nusu sihisi chochote. Naomba, lakini ni kama naongea na ukuta. Kwaya naimba, watoto wa Jumapili nawafundisha, watu wananiambia nimewabariki, na mimi ndani ni mkavu. Mama yangu alifariki mwaka juzi mwezi wa kumi. Sikulia sana kwa sababu najua amelala katika Bwana, na kazini walinipa siku chache tu. Nimekwenda makesha, nimewekewa mikono. Mtumishi mmoja aliniambia kuna dhambi nimeificha. Mwingine akasema ni kifungo cha ukoo, nipande mbegu ya shilingi elfu kumi. Nimejichunguza mpaka nimechoka. Sasa nataka kufunga kavu siku 21 mpaka Mungu anijibu. Pia nafikiria kuacha kwaya kwa maana najiona mnafiki. Namtamani Mungu, mchungaji, namtamani sana. Nimekosea wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Bwana asifiwe.

Nianze na lile lisilosubiri: hiyo funga kavu ya siku 21 usiianze. Sababu nitazieleza huko mbele, lakini ikiwa una nafasi ya kusoma aya moja tu kabla gari la kazini halijafika, basi iwe hii. Kunywa maji, kula, halafu uendelee kusoma ukipata utulivu.

Sasa swali lenyewe. Hukuniuliza kama umekosea. Hilo umeshalikubali, umebakiza kutafuta mahali tu, na watumishi wawili wamekusaidia kulikubali. Mimi naona tatizo linaanzia hapo. Umechukulia kwamba kumhisi Mungu na kuwa naye ni kitu kimoja, kwa hiyo hisia zikiondoka Mungu naye ameondoka, na akiondoka lazima yuko aliyemfukuza, na huyo ni wewe.

Fikra hiyo ni ya zamani hapa Malindi kuliko makanisa yetu yote. Mwaka 1542 Francis Xavier, padre Mjesuiti aliyekuwa safarini kwenda India, alipita hapa. Kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti, karibu na bahari, watu hukitaja pamoja na jina lake hadi leo. Mwezi Septemba mwaka huohuo aliandika barua kutoka Goa, na ndani yake anasimulia kuhusu mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima mjini, aliyemwuliza kama huko kwao Wakristo bado wanajaa makanisani na kama wanasali kwa moyo. Kwetu hapa, mzee alisema, ibada imepoa: misikiti iko 17, na watu wanakwenda mitatu tu, tena wachache. Chanzo chake hakukijua, ila aliona kwamba baya kama hilo haliwezi kuja bila dhambi fulani kubwa. Wakajadiliana, wakaachana kila mmoja na rai yake.

Namheshimu mzee yule. Alikuwa na uchungu wa kweli, na alikuwa na ujasiri wa kuusema mbele ya mgeni. Lakini ile hesabu yake, kwamba moyo ukipoa basi ipo dhambi kubwa mahali, ndiyo hiyohiyo uliyopewa wewe karibu miaka 500 baadaye, na waliokupa ni watu wa dini nyingine. Binadamu tunaipenda hesabu hii kwa sababu inatupa la kufanya: tafuta dhambi, itoe, moto utarudi.

Je, ni uongo mtupu? Hapana, na sitakudanganya kwa kukubembeleza. Isaya 59 inasema wazi kwamba maovu yenu yamewafarikisha ninyi na Mungu wenu. Mtu anayemdhulumu mfanyakazi wake, au mwenye hawara wa siri, akinijia kulalamika kwamba maombi yake yamekauka, sitamtafutia sababu ya mbali. Tazama tu jinsi Mungu anavyoishughulikia dhambi anapotaka kuionyesha. Daudi hakuletewa ukungu wa hatia uliomzunguka mwaka mzima asijue umetoka wapi. Aliletewa Nathani, akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo," na jambo likatajwa: Uria, mke wake, upanga. Roho wa Mungu akishtaki hutaja jambo, na akilitaja hufungua na mlango wa kutokea. Hatia isiyo na jina, inayokufanya ufukue utoto wako na wa bibi yako mpaka usingizi upotee, haina tabia hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi, mara moja tu. Kaa na Zaburi 139, ile sala ya mwisho, "Unichunguze, Ee Mungu." Kikija kitu chenye jina, kitubu, na kama kuna mtu wa kurudishiwa haki yake, mrudishie. Kisichokuja usikitafute. 1 Yohana 1:9 inasema yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na uaminifu wake hautegemei ustadi wako wa kufukua. Halafu jambo hilo ulifunge. Mtu anayejichunguza kila usiku kwa mwaka mzima anaishia kujitazama yeye mwenyewe, na Mungu aliyekuwa akimtafuta anabaki pembeni.

Kuna mstari ambao siusikii ukihubiriwa sana kwenye mikutano ya injili, Isaya 50:10. Nabii anauliza ni nani amchaye Bwana na kuitii sauti ya mtumishi wake, kisha anamweleza mtu huyohuyo kuwa ni yeye "aendaye katika giza, wala hana nuru." Soma tena. Anayemcha Bwana, anayetii, ndiye yuko gizani. Hakuambiwa atubu, aliambiwa alitumainie jina la Bwana. Zaburi ya 88 nayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila ile "lakini" ya furaha tuliyoizoea katika zaburi nyingine, na bado imeachwa ndani ya kitabu cha nyimbo cha watu wa Mungu. Na Ayubu, ambaye Mungu mwenyewe alimshuhudia kuwa mkamilifu, alikwenda mbele na nyuma, kushoto na kuume, na hakumwona. Ukijiona mnafiki kwa sababu ya ukavu, basi uko pamoja na kundi hilo.

Sasa nikueleze kinachotokea, kadiri nilivyokiona katika kazi hii ya kuwasikiliza watu, na kadiri ninavyokielewa.

Machozi na msisimko uliokuwa ukiupata vilikuwa vya kweli. Lakini vilipitia mwilini, na mwili una kanuni zake. Wimbo unaorudiwa, ngoma, sauti za watu mia wakiomba kwa pamoja, saa nane za usiku, matarajio makubwa: hivyo vyote huuamsha mwili, uwe kanisani au kwenye arusi. Mungu anavitumia, kwa nini asivitumie, yeye ndiye aliyeuumba mwili. Ila mwili huzoea. Mgeni kutoka bara akipanga chumba kule Shella, usiku wa kwanza bahari haimpi usingizi. Mwulize baada ya mwaka kama anaisikia, atatega sikio kwanza ndipo ajibu. Mawimbi ni yaleyale. Sehemu ya unachokiita kupoa ni mazoea ya aina hii. Umekuwa na Mungu tangu kidato cha tatu, hicho ni kipindi kirefu, na mengi yaliyokuwa yakikusisimua wakati ule sasa yamekuwa mwendo wako wa kila siku. Huoni ajabu tena kwamba hukumlipiza mtu aliyekutukana. Zamani ungetoa ushuhuda.

Lakini mazoea peke yake hayatoshi kueleza barua yako. Hesabu miezi. Mama amefariki mwaka juzi mwezi wa kumi. Ukavu una mwaka na nusu. Umeviandika vyote viwili katika barua moja, kimoja kikapata maelezo marefu na kingine ukakipitia haraka, kana kwamba havijuani. Mimi nadhani vinajuana sana.

Ulisema hukulia kwa sababu amelala katika Bwana. Najua desturi yetu walokole wa pwani. Tunajitenga na hanga, yale makesha ya kuomboleza, kwa sababu ya pombe na ngoma zake, na kwa kweli kuna mambo kule ya kujitenga nayo, lakini tukishajitenga hatuweki kitu kingine mahali pake. Ndugu zako wasiookoka walilala nje siku kadhaa, wakaimba, wakalia, wakamtaja marehemu mpaka wakachoka. Wewe ulisema "Bwana ametoa, Bwana ametwaa," ukapanda matatu kurudi Watamu kutandika vitanda vya wageni. Paulo anapowaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hakuwakataza huzuni. Aliwakataza namna moja ya huzuni. Na Yesu, aliyejua kwa hakika kwamba dakika chache baadaye Lazaro atatoka kaburini, alilia machozi mbele za watu.

Moyo haujui kufunga hisia moja ukaziacha nyingine wazi. Ukiuzuia usilie, unajizuia pia kusisimka, kucheka kwa kina, kutetemeka mbele za Mungu. Wengi waliofiwa hunieleza jambo lilelile kwa maneno tofauti: nahisi kama nimefungwa ndani ya chupa. Wao husema hivyo kuhusu chakula, wajukuu, kazi. Wewe umeliona kwenye maombi kwanza kwa sababu maombi ndiyo mahali ulipozoea kuhisi zaidi.

Ongeza zamu ya usiku. Unalala mchana, kwenye joto la Malindi, bati juu na watoto wa jirani nje, na naamini hulali saa nyingi. Mwili usiolala vizuri kwa miezi hupungukiwa na uwezo wa kufurahi. Kisha usiku wa mapumziko unaupeleka kwenye kesha.

Mtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka kushusha moto mlimani, ametishwa na Yezebeli, amekimbia mpaka jangwani, amekaa chini ya mretemu akiomba afe. Leo tungemwita nabii aliyerudi nyuma. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula kilekile, akisema safari hii ni kubwa mno kwako. Ndipo, baada ya usingizi mara mbili na mlo mara mbili, akaenda Horebu, na ile sauti ndogo ya utulivu aliisikia huko. Najua yuko atakayeniambia kwamba alikwenda siku 40 bila chakula. Kweli, kwa nguvu za chakula kile. Mpangilio ni wa Mungu, si wangu: mwili ulishughulikiwa kwanza.

Hapa narudi kwenye funga yako. Hizo siku 21 watu huzitoa kwa Danieli, sura ya 10. Fungua usome mwenyewe. Danieli alikuwa akiomboleza, na alichosema ni kwamba hakula chakula kitamu, wala nyama wala divai haikuingia kinywani mwake. Hajasema hakula kabisa, wala hajasema hakunywa maji. Funga kavu iliyo wazi ni kama ile ya Esta, nayo ilikuwa siku tatu, taifa zima likikabiliwa na kuangamizwa. Bila maji, katika joto letu, mtu anaweza kuharibu figo zake au kufa ndani ya siku chache tu, na mwenye vidonda vya tumbo, kisukari, mimba au dawa za presha hatari yake iko karibu zaidi. Isitoshe, njaa kali huleta maono, huzuni na kuchanganyikiwa kwa njia za kawaida za mwili, na mtu aliye katika hali hiyo hana tena namna ya kupambanua aliyosikia yametoka wapi.

Na sisi wa Malindi hatuna haki ya kuliongelea jambo hili kijuujuu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Ni watu walioaminishwa kwamba wakijinyima chakula watakutana na Yesu. Wengi wao, ninavyoamini, walianza na shauku kama yako. Ndiyo maana nikisikia mtu anataka kufunga "mpaka Mungu anijibu" nashtuka, kwa sababu maneno hayo yanampa Mungu masharti, na anayelipia masharti hayo ni mwili wako. Ukitaka kufunga, funga kwa kiasi: acha mlo mmoja, unywe maji, na kile ulichokiacha kipelekee jirani asiye nacho, kama Isaya 58 inavyoagiza. Tena si sasa. Subiri uwe umelala vizuri kwa majuma kadhaa.

Kuhusu mbegu ya elfu kumi: Simoni wa Samaria alipoleta fedha apate karama ya Mungu, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Lipa kodi ya nyumba.

Kuna jambo jingine ninalotaka ulijue, ingawa makanisa yetu mengi hayalifundishi. Mwaka huohuo wa 1542 Xavier alipopita Malindi, kule Hispania alizaliwa mtoto aliyekuja kuitwa Yohana wa Msalaba. Alikuwa mtawa. Mwishoni mwa 1577 watawa wenzake waliopinga mageuzi yake walimkamata wakamfungia Toledo, katika chumba kidogo kisicho na mwanga wa maana, kwa takriban miezi tisa, mpaka alipotoroka Agosti 1578. Humo gizani alianza kutunga mashairi ya mapenzi kwa Mungu. Baadaye aliandika kuhusu ukavu wa maombi kwa uangalifu ambao sijauona kwa mwingine, na akatoa dalili tatu za kupambanua ukavu unaotoka kwa Mungu na ule unaotokana na uzembe au ugonjwa.

Dalili ya kwanza ni kwamba mtu hapati utamu katika mambo ya Mungu, lakini hapati katika kitu kingine chochote pia. Aliyeacha maombi kwa sababu amenogewa na kitu kingine hana dalili hii. Ya pili, mtu huyo ana wasiwasi na uchungu kwamba hamtumikii Mungu, akidhani amerudi nyuma. Aliyepoa kwa uvivu, anasema Yohana, hajali. Ya tatu, hawezi tena kutafakari kama zamani, kwa picha na mawazo na maneno mengi, hata akijitahidi.

Ipime barua yako kwa dalili ya pili. Umeandika "namtamani" mara mbili katika sentensi moja. Aliyeachwa na Mungu hamtamani Mungu. Zaburi ya 42, ile ya ayala aioneavyo shauku mito ya maji, iliandikwa na mtu aliyekuwa akiulizwa mchana kutwa, "Yuko wapi Mungu wako?", na chakula chake kilikuwa machozi. Hatuiiti zaburi ya mtu aliyerudi nyuma. Tunaiimba kama kielelezo cha imani. Hiyo shauku yako inayouma ndiyo namna Mungu alivyo kazini ndani yako kwa sasa, na wewe umekuwa ukiihesabu kuwa ushahidi dhidi yako.

Kuhusu dalili ya kwanza, hapo nina wasiwasi, na Yohana naye alikuwa nao. Tangu karne ya 16 alijua kwamba mtu asiyefurahia chochote anaweza kuwa na ugonjwa wa huzuni, na kwamba hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Leo tunauita sonona. Kwa hiyo nikuulize, na ujibu kwa ukweli: mbali na maombi, kuna kinachokufurahisha bado? Mahamri na mbaazi za asubuhi, utani wa wenzako jikoni, sauti zikikaa sawa kwenye kwaya? Au vyote vimekuwa ladha moja? Hamu ya kula ikoje? Siku ya mapumziko unalala, au unakodoa macho? Unajiona huna thamani? Kama mengi ya haya yamekuwa nawe karibu kila siku kwa zaidi ya majuma mawili, nenda hospitali umwone daktari, na umwambie hali yako yote, usimtajie kichwa kuuma tu. Atataka pia kupima damu, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingo yanaweza kuleta uchovu na ubaridi unaofanana na huu. Dawa au mazungumzo na mshauri aliyefunzwa havipunguzi imani. Ni mkate na maji vya chini ya mretemu. Na likikujia wazo la kwamba heri ulale usiamke, au umfuate mama, basi usingoje Jumapili wala usiniandikie mimi. Mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyohiyo, na mwende hospitali pamoja siku hiyohiyo.

Siwezi kukuahidi kwamba hisia zitarudi, wala lini. Wengi hurudiwa, mara nyingi bila kutarajia, na mara nyingi kwa sura tulivu kuliko ile ya zamani. Wengine hukaa muda mrefu. Mama Teresa wa Kolkata alifariki 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 wengi walishangaa kusoma kwamba kwa miongo mingi, huku akiwaosha watu waliookotwa barabarani wakifa, hakumhisi Mungu. Sikuelezi hili kukukatisha tamaa. Ninakueleza ili usijenge maisha yako juu ya kungoja msisimko, halafu miaka ikapita ukiwa umesimama kituoni. Yesu alisema, "Mimi nipo pamoja nanyi siku zote," na Waebrania 13 inasema, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Hakuna sentensi iliyoongezwa baada ya hapo kuhusu utakavyojisikia. Wale wawili wa njia ya Emau walitembea naye karibu njia nzima wakidhani ni msafiri tu, na walikuwa wakimweleza yeye mwenyewe jinsi alivyofariki.

Sasa ufanye nini? Kwanza mlilie mama yako. Chukua siku ya mapumziko, uende kaburini au ukakae na dada zako, mumtaje, msimulie, mlie. Kama unaona aibu kulia mbele za Mungu bila aya ya kufunika machozi, zaburi zitakufundisha. Pili, punguza maombi yako yawe mafupi. Usiombe alfajiri ukitoka zamu. Lala kwanza, ukiamka unywe chai, kisha soma zaburi moja kwa sauti, taratibu, sema Baba Yetu, unyamaze dakika kumi, uondoke. Usijipime ulihisi nini. Mtu asiye na maneno yake ana ruhusa ya kutumia ya Daudi. Tatu, kama unatazama klipu za mahubiri kwenye simu, zipunguze, hasa zile za watu wakianguka na kupiga kelele. Ukizitazama usiku kazini na kujilinganisha nazo, zinakuongezea njaa bila kukulisha. Meza ya Bwana usiikose. Ukikaa pale unachotakiwa kufanya ni kupokea na kula tu, na kwa mtu aliyechoka huo ni wema mkubwa.

Tena usiwe peke yako katika hili. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne, na imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Imani yake yeye haikutajwa. Tafuta watu wawili wazima kiakili, waambie, "Mimi kwa sasa siwezi, niombeeni," uwaachie. Ukimtafuta mchungaji wa kuzungumza naye ana kwa ana, na nakusihi umtafute, mchague anayesikiliza kabla hajatabiri. Akikudai fedha, akikuzuia usimwone daktari au akikuagiza uache dawa, akikutenga na ndugu zako, au akitaka mkutane faragha usiku, inuka uondoke, hata kama ana jina kubwa.

Kuhusu kwaya: usiamue lolote sasa. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti aliyekuwa mkubwa wa Xavier, alifundisha kwamba wakati wa ukavu mtu asibadilishe uamuzi alioufanya akiwa katika nuru. Nadhani ni ushauri mzuri kuliko wowote nitakaokupa. Mnafiki ni anayejifanya ili aonekane. Wewe unaimba yaliyo kweli huku moyo ukikawia kufika, na hilo linaitwa uaminifu. Kama mwili umechoka, mwombe mwalimu wa kwaya mwezi mmoja wa kupumzika, kwa sababu ya uchovu na msiba, na umwambie hivyo hivyo.

Watoto wa Jumapili endelea nao. Wao hawakuulizi unahisi nini, wanataka hadithi na peremende. Wape Eliya, ukianzia sura ya 17, kwenye kunguru walioleta mkate na nyama. Watoto wa Malindi wanawajua kunguru kwa wizi tu, kwa hiyo jiandae kwa maswali.